Miezi Tuliyoshona Nyavu

Wiki iliyopita Neema alinipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani aliniomba niwaandikie kidogo ninyi sita mliochukua kazi yetu ya ndege kule mlimani. "Chochote tu, babu, tupate uzoefu," akasema. Kabla hajakata akaniambia kwa furaha kwamba Januari mtashuka kuhesabu ndege katika korongo la mashariki, ili kijiji kiamue kama vichaka vile vifyekwe kwa bustani za vitunguu au viachwe. Nikamwuliza kwa nini Januari. Akajibu, "Ndiyo utaratibu, babu. Hata ripoti yako ya korongo la magharibi ilifanyika Januari. Sisi tunaifuata ileile."

Nilisingizia mtandao, nikakata. Nilikuwa nimekusudia kuwaandikia vichekesho, maana kazi yetu ina vichekesho vingi, na vingine mtavipata humu. Lakini nawaomba msome mpaka mwisho kabla hamjafunga mizigo yenu, kwa sababu mkienda Januari mtaliua korongo la pili, na mtaliua kwa adabu zote za kazi kama nilivyoliua mimi la kwanza.

Wasionijua, mimi ni Yona. Nimezaliwa upande wa Kongwa, sasa nakaa Mkonze kwa binti yangu, napigwa vumbi na upepo wa Dodoma kama kila mtu. Kazi yangu kwa zaidi ya miaka thelathini ilikuwa moja: kutega nyavu laini msituni, kukamata ndege, kuwavisha pete ndogo yenye namba mguuni, kuwapima, kisha kuwaachia. Watu wa kwetu walishindwa kabisa kuielewa. Mjomba wangu aliniuliza mpaka anaingia kaburini: "Yaani unamkamata, halafu humli?"

Aliyenifundisha ni Mzee Rajabu, fundi cherehani wa Mpwapwa mjini, wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walikuja na misafara ya biashara wakaoa hapo na kubaki. Kazi ya ndege aliiingia kwa mlango wa nyuma. Watafiti walimpelekea nyavu zilizochanika, akazishona. Wakamwagiza mifuko ya kitambaa ya kuwekea ndege, akaishona pia. Mwisho akasema hawezi kuendelea kushonea wateja asiowajua, akafunga duka siku moja akapanda nao mlimani. Hakurudi tena kwenye suruali za watu, ila cherehani alibaki nayo.

Yeye ndiye aliyenionyesha kumtoa ndege wavuni. Usianze na kichwa, kijana, aliniambia. Kwanza tazama ameingilia upande gani, kisha anza na miguu, kwa sababu miguu ndiyo inayoshika. Miguu ikiwa huru, mabawa hujifungua yenyewe. Shingo yake iwe kati ya vidole viwili, wala usibane; kifua chake kisibanwe hata kidogo, maana ndege hupumua kwa kifua chote. Siku yangu ya kwanza nilikuwa navuta. Mzee Rajabu akanipiga kofi dogo mkononi, akasema, "Yona, huyo si kifungo cha shati. Akikatika hatuna kingine."

Siku hiyohiyo nilipima uzito wa ndege akiwa ndani ya mfuko, nikasahau kutoa uzito wa mfuko. Jioni Mzee Rajabu akasoma daftari kwa sauti mbele ya wapagazi wote: "Jamani, ndege huyu wa Yona akitua, tawi linavunjika." Walinicheka wiki nzima. Wapagazi wakawa wakipita chini ya miti wanainamisha kichwa, eti ndege wa Yona asije akawaangukia.

Kosa la pili halikuwa la kucheka. Niliweka mfuko wenye ndege chini kwenye majani, nikaenda kuangalia wavu mwingine. Niliporudi siafu walikuwa wameshaingia. Mzee Rajabu hakunigombeza. Alifungua daftari, akaandika namba ya ndege, akaandika "amekufa", halafu akaniambia niandike jina langu kando. Hiyo ilikuwa sheria yake: ndege akifa kwa mikono yako, jina lako linakaa pembeni ya kifo chake, na kila atakayefungua daftari atalikuta. Tangu siku hiyo mifuko yangu niliitundika juu ya tawi, na nyinyi fanyeni hivyohivyo.

Sasa niwaambie juu ya ndege mwenyewe, yule aliyenifanya nikeshe na mawazo. Ni mdogo, mgongo wa kijani, kichwa cha kijivu, kifua cha njano kali. Karibu na jicho ana kidoa cheupe ambacho huonekana akichachawa. Vitabuni ana jina refu. Sisi tulimwita Nyota. Kule juu, kwenye msitu wenye miti iliyoota kuvu na ndevu, alikuwa mwenyeji wetu. Ungempata wakati wa mvua karibu na kila kijito, akiimba asubuhi, akifuata siafu ili ale wadudu wanaowakimbia. Tukitega nyavu kumi, Nyota hatumkosi.

Tulitega kuanzia mvua zinapokaribia mpaka zinapokwisha. Ikifika Juni, kipupwe, ukungu unakaa juu ya mlima siku tatu bila kuondoka na vidole vinakataa kufungua fundo. Hapo tulikuwa na desturi yetu. Tulikusanya nyavu zote tukazishusha mjini kwa Mzee Rajabu kuzishona. Wapagazi walirudi kwao kumalizia kuvuna mtama na uwele. Mimi nilichukua likizo. Ofisi nayo iliona ni jambo la busara: nyavu zinapata matengenezo, watu wanapumzika, na nani atapenda kukamata ndege kwenye baridi ile? Septemba tulipanda tena na nyavu mpya kabisa.

Mwaka hata mwaka tukafanya hivyo. Daftari letu lilikuwa na maelfu ya ndege, na halikuwa na ndege hata mmoja wa Juni, Julai wala Agosti. Hakuna aliyeliona hilo pengo, kwa sababu sote tulikuwa na sababu nzuri ya kutokuwepo. Mtu akituuliza ndege wanakwenda wapi wakati wa baridi, tulijibu kwa ujuzi mkubwa: "Wanajikunyata humohumo msituni." Nami nilijibu hivyo mara nyingi. Niliwajibu hata watoto wa shule.

Ndipo likaja suala la korongo la magharibi.

Mnalijua linapopita, ingawa sasa hamlioni. Chini ya mlima, pale nyika inapoanza kukauka, kulikuwa na korongo lenye chemchemi ndogo isiyokatika. Pande zote za chemchemi vichaka vilisongamana, na mikuyu michache, kijani mwaka mzima hata nchi nzima inapogeuka rangi ya ngozi kavu. Kijiji kilitaka kulifyeka kipande hicho kwa ajili ya bustani za vitunguu, na hilo si dhambi. Watu wanakula, watoto wanasoma. Sharti lilikuwa moja, mtaalamu ahakikishe kwanza kama kuna ndege wa msitu wanaolitegemea. Mtaalamu nikawa mimi.

Nilikwenda Januari, wakati wa mvua, kama kila mtu mwenye akili. Kwetu kila kitu hutafutwa wakati wa mvua: nyoka, vipepeo, maua, hata mchumba. Nilitega nyavu siku nane. Nilipata shore, nikapata chozi wawili watatu, kwezi, njiwa wa kawaida. Nilikaa alfajiri na daftari nikisikiliza nyimbo, sikusikia wa msitu hata mmoja. Nyota sikumwona. Ilikuwa kazi safi, naapa. Nyavu niliziangalia kila nusu saa, mizani nilikuwa nimeirekebisha, na kila namba niliyoandika ilikuwa ya kweli.

Shamba lililopakana na korongo lilikuwa la Bibi Sechelela. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye tabia ya kusimama na jembe begani akizungumza kana kwamba amepita tu, hata kama mazungumzo yatachukua saa nzima. Siku ya nane nilipokuwa nakunja nyavu alikuja.

"Mbukwa, mwanangu."

"Mbukwa, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Umewapata?"

"Nimewapata hawa wa kawaida. Wa mlimani hawapo."

Akacheka. "Watakuwepoje saa hizi? Saa hizi wako kwao wanalea. Wewe njoo wakati wa baridi. Wale wenye matumbo ya njano hujaa hapa. Huja kimya kama watu waliokuja msibani, hawasemi, wanaokota tu chini."

Nikamwambia, Mungu anisamehe, kwa sauti ile ya upole tunayowasemesha wazee ambao hatuwasikilizi: "Bibi, hao unaowaona ni wengine. Kuna ndege wengi wenye njano."

"Nimezaliwa hapa," akasema.

"Ndiyo, bibi. Ila sisi tuna utaratibu wetu wa kazi."

Akanitazama, akahamisha jembe bega la pili. "Haya, mwanangu. Kama ni utaratibu."

Ripoti niliandika kurasa kumi na mbili. Ukurasa wa mwisho nilisema korongo halina umuhimu kwa ndege wa msitu wa juu. Nikatia sahihi. Machi vichaka vilifyekwa, Aprili vilichomwa, na Mei mistari ya vitunguu ilikuwa imenyooka mpaka kwenye chemchemi. Mikuyu miwili iliachwa kwa ajili ya kivuli cha walinzi.

Julai ya mwaka ule nilikuwa likizo, nikapita ofisini mara moja tu kuchukua barua. Nikamkuta Bibi Sechelela amekaa kwenye benchi la nje. Alikuwa ametembea kutoka kwake, na si karibu. Mapajani alikuwa na kipande cha kanga kilichofungwa fundo. Alinisubiri niamkie, akaitika, akafungua fundo.

"Huyu ana pete," akasema. "Nimemkuta asubuhi nyuma ya jiko langu. Nadhani ni wako."

Alikuwa Nyota. Nilimchukua mkononi. Vijana, kuna jambo mtalifanya kila siku katika kazi hii: mpulizieni ndege manyoya ya kooni yafunguke, mtaona pale kwenye kishimo cha juu ya kifua kama kuna mafuta ya njano chini ya ngozi. Mafuta ndiyo chakula chake cha safari na blanketi lake la usiku. Nilipuliza, na kishimo kilikuwa kitupu. Mfupa wa kifua ulikuwa umesimama kama ncha ya kisu. Niliingia ndani nikatafuta namba ya pete. Ilikuwa yangu, mwandiko wangu, nilimvisha Novemba kule juu karibu na kijito, mzima, mnene, anaimba.

Niliandika namba yake kwenye safu ya vifo. Nikaandika "amekufa". Pale pembeni, mahali pa jina, niliacha wazi. Nilijiambia kwamba hakufia mikononi mwangu.

Nikaenda naye Bibi Sechelela mpaka korongoni. Njiani hakunisimanga hata kidogo, alinieleza bei ya mtama. Tulipofika nikawaona. Walikuwa wameshuka kama walivyozoea, na mahali hapakuwepo. Walikuwa wakirukaruka kwenye matuta ya vitunguu, mchana kweupe, ndege ambao maisha yao yote hawajui kusimama palipo wazi. Walikuwa kimya kabisa, kama alivyosema. Wengine walijibanza chini ya ile mikuyu miwili, wengi kuliko tawi linavyoweza kuwalisha, wakifukuzana. Kipanga alikuwa amekaa juu ya nguzo ya walinzi, wala hakujisumbua kuruka tulipokaribia. Alikuwa ameshiba.

"Mwaka jana saa hizi," Bibi Sechelela akasema, "hapa huwezi kupita bila kuwakurupusha."

Nilihisi aibu, na nikiiandika sasa naihisi tena usoni.

Hapa niwaeleze nilichojifunza baadaye, maana kosa langu angalau liwafundishe kazi. Tangu mwaka ule nilikataa kwenda likizo Juni. Nilibaki na nyavu mbili nilizozishona mwenyewe, vibaya, nikatega juu, katikati na chini ya mlima kipupwe chote, mwaka baada ya mwaka. Mlima, kumbe, kwa ndege ni ngazi. Ukungu ukikaa na baridi ikikaza kule juu, wadudu hupungua, wale wanaobaki hujificha ndani ya maganda. Nyota hushuka. Hashuki siku moja kwa kundi. Anashuka bonde kwa bonde, kichaka kwa kichaka, akitafuta mahali penye unyevu. Majike na vijana wa mwaka ule, wenye manyoya ya madoadoa, ndio niliowakuta chini kabisa. Madume wakongwe wengine hung'ang'ania juu, wanavumilia njaa ili Septemba wasikute mtu amekaa kwenye makazi yao. Na akishuka hubadili mlo: juu alikuwa mla wadudu hodari, chini nilimkuta mdomo umepakaa maji ya matunda madogo yaliyoanguka.

Na haimbi. Hilo likamateni sana ninyi mnaotembea na simu zinazotambua nyimbo za ndege. Neema alinionyesha yake alipokuja kunitembelea. Ni kitu cha ajabu, sikatai, ilimtambua mpaka jogoo wa jirani. Lakini Nyota huimba kwake tu, mahali anapolea. Akiwa chini ni mgeni, hufunga mdomo. Simu yenu itakaa korongoni kutwa nzima ikisikiliza, jioni itawaambia hakuna ndege, na mtaamini kwa sababu simu haina likizo. Tegeni nyavu. Tegeni chini kabisa, mkunjo wa mwisho wa wavu uguse majani, kwa sababu wakati huo hutembea ardhini. Kwenye baridi msingoje nusu saa. Zungukeni kila dakika ishirini, na ukungu ukishuka fungeni nyavu hata kama mmekaribia kupata mlichotafuta. Ndege aliyelowa hana saa moja.

Swali mtakalouliza ni kama nilisema. Nilisema mara moja. Nilikwenda kwa mkubwa wangu wa wakati ule nikamweleza. Hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Kwenye ripoti kuna namba ya uongo?"

"Hakuna, mzee."

"Basi si kosa. Ripoti imeshafungwa, vitunguu vimeshapandwa. Ukifungua jambo hili watasema ripoti zetu zote ni mbovu. Nani atatusikiliza tena?"

Nilitoka nikiwa na nafuu, na hiyo nafuu ndiyo ninayoijutia kuliko ripoti yenyewe. Alinipa mlango wa kutokea, nikatoka. Jalada likabaki kama lilivyo, na ndilo alilolikuta Neema.

Nilimweleza Mzee Rajabu pia. Alikuwa ameshaacha kazi, macho yamemwishia, anakaa kibarazani kwake akipapasa tasbihi. Nilitegemea anicheke au anigombeze kama zamani. Akasema, "Nyavu zilikuwa kwangu, Yona. Kila mwaka, miezi hiyohiyo, zimejaa chumba kizima. Nilikanyaga cherehani nikiimba. Sikuwahi hata siku moja kujiuliza ndege wanafanya nini wakati mimi nashona." Akaomba nimsaidie kuingia ndani. Alifariki mwaka uliofuata, na mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Kule juu mambo yalikwenda polepole, kiasi kwamba asiyejua hakujua. Mwaka wa kwanza nyavu kumi zilitupa Nyota wachache. Mwaka wa tatu tulihitaji siku mbili kumpata mmoja. Ulipofika mwaka wa tano nilikaa kwenye kijito kilekile nilichomvishia pete yule wa kanga, kuanzia kupambazuka mpaka jua kuwaka, nikasikia maji tu. Miti ilikuwepo yote. Kuvu zilikuwepo, siafu walipita na wadudu wakakimbia mbele yao, na hakuna aliyekuja kuwala. Wageni walikuwa wakipanda, wakipiga picha, wanasema msitu huu umetunzwa kweli. Na ulikuwa umetunzwa. Tuliulinda usiku na mchana mahali ndege wanapokaa miezi tisa, tukauza ile mitatu.

Nilipostaafu walinifanyia sherehe chini ya mlima, kwenye uwanja wa shule. Turubai lilifungwa, ng'ombe akachinjwa, ngoma ikapigwa. Mgeni rasmi alisimama akasema kwamba katika miaka yote ya Mzee Yona hakuna mti hata mmoja uliokatwa kule juu, na watu wakapiga makofi, maana ilikuwa kweli. Walinivika shuka jipya, wakanipa kigoda. Halafu wakaniita niseme neno.

Mfukoni nilikuwa na karatasi. Nilikuwa nimeiandika mara tatu: ripoti ya korongo la magharibi ni yangu, nilihesabu wakati usiofaa, niliambiwa na mwenye kujua nikakataa, kwa hiyo wanaokuja wasiifuate. Ilikuwa fupi, isingechukua dakika mbili. Nikatazama watu. Wajukuu wangu walikuwa mbele. Mkubwa wangu wa zamani alikuwa meza kuu, ananitabasamia. Nikasema asanteni sana, Mungu awabariki, chakula kisipoe. Vigelegele vikapigwa, nikarudi kukaa.

Baada ya kula, Bibi Sechelela alikuja pale nilipokuwa napokea zawadi. Amezeeka sana, jembe limegeuka fimbo. Akanipa mkono, akausifu wali, akauliza shuka lile ni la pamba au la kuchanganya. Halafu akasema, bila hasira, kama anayetaja hali ya hewa:

"Nimetoka nyumbani alfajiri, mwanangu. Nilidhani leo utasema."

"Bibi, ilikuwa sherehe."

"Ee. Nimeona."

Akafunga nyama yake kwenye mfuko, akaaga, akaondoka kwa mguu kabla jua halijashuka.

Yupo hai mpaka leo. Korongo la mashariki liko nusu saa tu kutoka kwenye shamba lake, na Nyota waliobaki, kama wapo, hawana kwingine kwa kushukia. Waambieni kijiji kisubiri. Watalalamika, kwa sababu Julai ni mbali na vitunguu vina msimu wake. Waambieni hivyohivyo kwamba Yona alikosea na sababu yake. Nendeni Julai na makoti mazito. Msianze kwa mwenyekiti, pigeni hodi kwa Bibi kwanza.

Yeye hakusoma shule, kwa hiyo msomeeni barua hii, yote, pamoja na mahali nilipomjibu jeuri. Ningekwenda mwenyewe ila magoti yangu siku hizi hayapandi basi. Hapana, si magoti. Ninaona haya. Msomeeni kwa sauti kubwa, masikio yake yamekuwa mazito, na majirani wakisikia msipunguze.